Harambee ya bati 40: Chumba cha tiba cha vijana wetu, Newala

Ndugu zetu wana Newala, mlioko nyumbani na mlioko Dar, salaam.

Tunaona haya kuwarudia mapema hivi. Mwaka jana korosho zilipolipwa mlituchangia viti na mikeka, wengine mkatuma kwa simu bila hata kutaja jina. Mungu awalipe. Lakini mvua zimeanza, na tunakokutania kila Alhamisi ni banda la makuti yaliyooza. Wiki iliyopita vijana walibanana kona moja, madaftari wameyaficha ndani ya nguo. Binti mmoja, aliyekaa kimya tangu aje, ndiyo kwanza anafungua mdomo, maji yakammwagikia kichwani. Watoto waliokuwa wakichungulia wakacheka. Akanyanyuka, akaondoka. Hajarudi.

Hawa ndio tunaowaita wajeuri, wengine tukawapeleka kwa waganga kutolewa majini. Wana ugonjwa wa haiba, yaani wa hisia na tabia za mtu, uitwao bodalaini. Leo anakupenda kupita kiasi, kesho hataki kukuona. Usipopokea simu anaamini umemtupa. Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mwenyewe alilazwa ujanani kwa mateso kama hayo, amewafananisha na mtu aliyeungua moto karibu mwili mzima: ukimgusa tu, anaumia. Mwongozo wa tiba aliyoibuni ulitoka 1993. Si vidonge; vidonge husaidia sonona inayoandamana na ugonjwa, haviuponyi ugonjwa wenyewe. Ni mazungumzo na mazoezi: kutuliza hasira inapopanda, kuvumilia saa mbaya bila kujikata, kuomba na kukataa bila ugomvi. Kila wiki, kwa kawaida mwaka mzima. Wengi hupata nafuu.

Kwa hiyo paa ni sehemu ya dawa. Tunahitaji bati 40, mbao, misumari, tofali za ukuta, na nauli ya muuguzi wa afya ya akili anayepanda kutoka Masasi. Sare za harusi na ngoma za unyago hatujawahi kushindwa kuchangia, hilo tunajuana.

Tukutane uwanjani Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya ibada na swala ya adhuhuri. Asiye na fedha alete tofali au korosho. Risiti zitabandikwa ofisi ya kijiji, mapato na matumizi yatasomwa mkutanoni.

Mwenye mgonjwa anayetaka kujidhuru asisubiri bati, ampeleke hospitali leo.

Michango apewe mweka hazina mkononi. Asipewe mwingine yeyote, hata mimi.

Katibu wa kikundi