Haibridi au si haibridi, tuhesabu lita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie haya magari makubwa ya SUV yanayouzwa kwa jina la haibridi, yaani yenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja. Yanasifiwa na kubezwa kwa neno hilo moja lililobandikwa kwenye buti, wakati jibu limo kwenye tangi la mafuta.

Mimi ni dereva. Kwa miaka 3 sasa naendesha SUV kubwa ya haibridi ya ofisi, na kabla yake niliendesha nyingine ya ukubwa uleule, ya petroli tupu. Asubuhi kwenye foleni gari hili ni raha. Ukiinua mguu injini inazima yenyewe, gari linasogea kimya kwa mota, na ukigusa breki mshale wa dashibodi unalala upande wa kuchaji. Nguvu ambayo zamani iliishia kuwa joto kwenye diski za breki sasa inarudi kwenye betri. Ila nikitoka mjini nikashika spidi ya 110, mambo hugeuka. Hakuna breki, kwa hiyo hakuna cha kukusanya. Injini inaunguruma mfululizo ikiusukuma upepo kwa bodi pana na refu, na namba ya matumizi inapanda hadi karibu na ile ya gari la zamani. Betri na mota vimekuwa mzigo.

Wanaoyabeza magari haya husema gari linalokula lita 10 kwa kilomita 100 haliwezi kuwa na faida yoyote kwa mazingira. Wanakosea. Chukua Toyota Sequoia. Ile ya 2022, yenye injini ya silinda 8 (V8) ya ujazo wa lita 5.7, kwa vipimo vya serikali ya Marekani ilikula karibu lita 15.7 kwa kilomita 100. Ya 2023, inayouzwa kwa haibridi pekee, inakula kama 10.7. Mtu anayekwenda kilomita 20,000 kwa mwaka akibadilisha ile kwa hii ameacha kuchoma lita 1,000, na kila lita ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Hizo ni zaidi ya tani 2 kila mwaka. Mwenye gari dogo la lita 7 akihamia haibridi ya lita 5 anaokoa lita 2 tu kwa kila kilomita 100. Aliyekuwa akila sana ndiye mwenye pa kupunguza, na tukubali hilo bila kinyongo.

Lakini twende taratibu. Sequoia haikuongezewa betri tu. V8 iling'olewa, ikawekwa V6, ya silinda 6, yenye turbo 2 na giaboksi ya gia 10. Ukitaka kujua umeme wenyewe umeleta nini, tazama pikapu ya Tundra, ambayo ina injini hiyohiyo na inauzwa kwa namna zote mbili. Kwa vipimo vilevile, isiyo haibridi inakula kama lita 11.8, ya haibridi kama 10.7. Ni lita 1 tu, na kwenye barabara kuu tofauti karibu haipo. Kilichopanda kweli ni nguvu, kutoka farasi 389 hadi 437. Umeme umewekwa zaidi kwa ajili ya kuvuta trela na kuondoka kwa kishindo. Mnunuzi haelezwi hivyo. Anaambiwa "haibridi", naye anaelewa "safi".

Haibridi za kuchomeka kwenye umeme wa ukutani nazo zina habari yake. Machi 2024 Kamisheni ya Ulaya ilitoa takwimu zilizosomwa kutoka kwenye magari yenyewe, na hewa ya ukaa yanayotoa barabarani ikaonekana ni mara 3.5 ya ile iliyoandikwa kwenye hati za maabara. Maabara ilidhani watu watachaji na kutembea kwa umeme mara nyingi kuliko wanavyofanya. Mimi sikushangaa. Niliwahi kukabidhiwa moja kwa miezi michache. Siku tairi lilipopasuka nilifungua buti nitafute jeki, nikaukuta waya wa kuchajia ungali kwenye mfuko wake wa nailoni, kamba za kiwandani hazijakatwa. Gari lilikuwa na kilomita 40,000. Mafuta yalilipwa na kampuni, umeme wa nyumbani ungelipwa na dereva, basi hakuna aliyehangaika. Kilomita zote hizo petroli ilikuwa inabeba betri nzito isiyofanya kazi yake.

Kinachoniuma zaidi ni mtu ambaye sedani ingemtosha. Shirika la Kimataifa la Nishati linasema mwaka 2023 SUV zilikuwa asilimia 48 ya magari mapya yaliyouzwa duniani, na kwa uzito huzidi gari la kawaida la ukubwa wa kati kwa kilo 200 hadi 300. Mtu huyo akiacha sedani yake ya lita 7 akanunua SUV ya haibridi ya lita 10.7, ameongeza moshi, na bado atapongezwa. Tena betri haipunguzi uzito. Tairi zinalika vilevile na vumbi lake tunalivuta sote. Wakazi wa Paris waliliona hilo. Februari 2024 walipiga kura ada ya maegesho ipande mara 3 kwa magari ya wasioishi mjini humo yenye tani 1.6 au zaidi, na haibridi hazikusamehewa. Naona walifanya haki.

Ombi langu kwako, Mhariri: mnapoandika habari za gari jipya, andikeni lita zake kwa kilomita 100 mjini na barabara kuu, kila moja peke yake, kisha uzito wake, kisha lita za ndugu yake asiye haibridi. Mistari mitatu inatosha, na msomaji atajipigia hesabu mwenyewe.

Ofisi yetu inataka kununua SUV nyingine 2 za haibridi mwaka huu. Nimewapelekea daftari langu la safari la miezi 12, lenye lita za kila siku na idadi ya abiria. Siku nyingi tulikuwa mimi, bosi mmoja na mkoba wake. Nimeomba moja iwe sedani. Bado nasubiri jibu.

Msomaji wako,
Dereva