Usiuze kadi za bibi yako

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Baada ya salamu, ujumbe wako nimeupata, kwamba mwenye duka la vitu vya kale pale Shangani yuko tayari kununua kadi za posta alizoacha marehemu bibi yako. Nimezitandaza zote mkekani nikazitazama moja moja. Jibu langu ni hapana.

Mnunuzi anataka picha. Ni nzuri, sikatai: Beit al-Ajaib, majahazi bandarini, kadhaa zina jina la A. C. Gomes, mpiga picha mashuhuri wa Unguja enzi hizo. Lakini ikumbuke ile ya mwanamke aliyejitanda kanga. Chini wamechapa kwa Kiingereza kwamba ni mwanamke wa Kiswahili, basi. Hana jina, hana baba, hana mtaa. Sasa igeuze. Mjomba wake bibi anamwandikia mama yake kutoka Mombasa, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na kila mtu wa nyumbani anamtaja kwa jina na kumuulizia hali. Nafasi ikamwishia, akaizungusha kadi akaendelea ukingoni, hata salamu za mwisho zikabanana na stempu. Penye neno “mama” wino umekolea kuliko popote.

Zile kongwe zaidi zimeandikwa upande wa picha, pembezoni. Zamani nyuma palikuwa pa anwani tu, mpaka Uingereza iliporuhusu mwaka 1902 pagawanywe kati.

Wala kuandikiana hakukuja na posta. Zipo barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa tangu 1711, na mpaka leo zimehifadhiwa Goa, India. Kuna mtu aliziweka, mwanangu. Simu yako ilipoibwa, yote aliyokuandikia baba yako yalikwenda nayo, na najua ulivyolia.

Ukija likizo tutakaa na ami yako, yeye herufi hizo anazisoma bila kusita. Yeye asome, wewe uandike, na kila kadi tuipige picha pande zote mbili. Majina mengine siyatambui. Shangazi yako wa Mombasa atayajua, mwandikie barua umuulize. Akiandikiwa hujibu kwa urefu, kwenye simu hana maneno. Nami niandikie. Sanduku letu la posta ni lile lile.

Mama yako