Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Kabla Hatujauza Hewa ya Msitu Wetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, Mwenyekiti wa Kijiji na Kamati ya Maliasili, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka huu kijiji chetu kimepata wageni wawili. Mmoja ni wewe, tuliyekualika wenyewe kwa Siku hii ya Mazingira. Mwingine ni kampuni iliyokuja na ramani ya msitu wetu, ikasema inataka kununua kaboni, yaani kutulipa tusikate miti ili hewa ukaa, gesi inayoongeza joto la dunia, isitoke. Risala hii inamhusu mgeni wa pili, ila maombi yaliyomo ni kwako.

Klabu yetu ina wanachama 46, wengi wa michepuo ya HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) na EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati). Habari za kitalu cha miche umezisikia pale kwenye banda, hatutazirudia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulipoona hatuielewi biashara hii, tulimwomba mwalimu wetu wa Uchumi atufundishe, naye akatuchezesha soko. Vikundi vinne vikawa viwanda. Kila kadi ilikuwa kibali cha kutoa tani moja ya hewa ukaa, na fedha yetu ilikuwa pipi. Raundi ya kwanza mwalimu akagawa kadi nyingi kuliko moshi tuliokuwa nao. Kadi iliyoanza kwa pipi tano, baada ya dakika ishirini hakuna aliyeitaka hata kwa pipi moja. Tukacheka. Kumbe ndivyo ilivyowakuta Ulaya! Umoja wa Ulaya ulifungua soko lake mwaka 2005, serikali zikagawa vibali kupita kiasi, tena karibu vyote bure, na kwa kuwa vibali vya awamu ile havikuruhusiwa kuwekwa akiba kwa awamu iliyofuata, mwaka 2007 bei ilianguka karibu na sifuri.

Raundi ya pili mwalimu alibana kadi. Kiwanda cha saruji, ambacho kupunguza tani moja kungekigharimu pipi nane, kikaenda kununua kadi kwa kiwanda cha sukari, ambacho kiliweza kupunguza kwa pipi mbili. Wakakubaliana pipi tano, kila mmoja akaondoka anatabasamu, na moshi wa darasa zima ukabaki chini ya dari, yaani kikomo, aliyoiweka mwalimu. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba kinachopunguza moshi ni dari, na biashara inapunguza gharama tu. Ulaya nao walipobana vibali vyao, bei ilipanda hadi ikavuka euro 100 kwa tani mwezi Februari 2023.

Lakini darasani yupo mwalimu wa kuweka dari. Duniani hayupo, na sisi tunaokaa bweni tunajua kinachotokea siku kiranja asipokuwepo: watu wanategea. Bweni likifagiliwa, hata aliyetegea atalala pasafi. Mkataba wa Kyoto wa mwaka 1997 ulizitaka nchi tajiri zipunguze moshi wao, kati ya 2008 na 2012, kwa wastani wa asilimia 5.2 chini ya kiwango cha 1990. Marekani ilisaini lakini haikuridhia. Miezi michache kabla ya Kyoto, Seneti yake ilikuwa imeshapiga kura 95 kwa 0 kupinga mkataba usiozibana pia nchi zinazoendelea. Kanada iliridhia, ikalemewa, na mwaka 2011 ikatangaza kujitoa. Hakuna aliyeitwa ofisini.

Ndiyo maana Makubaliano ya Paris ya mwaka 2015 yaligeuza utaratibu, kila nchi ikaandika zamu yake kwa mkono wake. Tanzania iliandika kwamba ifikapo 2030 itapunguza asilimia 30 hadi 35 ya moshi ambao ungetoka kama tusingechukua hatua. Mchumi William Nordhaus, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2018, anasema ahadi za hiari hazitoshi. Nchi zilizo tayari ziunde klabu, na asiye mwanachama atozwe ushuru mpakani. Ulaya imeanza kitu cha namna hiyo kwa bidhaa kama saruji, chuma na mbolea zinazotoka nje. Mantiki yake tunaikubali. Ila kwa nchi ambayo moshi wake ni mdogo hivi, inafanana na kutozwa faini ya usafi wa bweni usilolala.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, turudi kijijini. Tuliposikia bei ya Ulaya, kisha tukasikia kwamba tani ya msitu kwenye soko la hiari huuzwa kwa dola chache tu, tulikasirika, tukataka kuandika risala ya kulaumu. Mwalimu akatuzuia. Akasema hizo ni bidhaa mbili. Kibali cha Ulaya kinanunuliwa kwa sababu sheria inamlazimisha mwenye kiwanda, na soko lile halipokei vyeti vya misitu, yaani hati za tani ambazo msitu umezuia zisiende hewani. Cheti cha msitu kinanunuliwa na kampuni iliyoamua yenyewe, na thamani yake yote iko kwenye swali moja: je, bila fedha hizi, miti hii ingekatwa kweli? Jibu likiwa la uongo, mnunuzi amenunua upepo. Yameshatokea. Chini ya Kyoto, viwanda, hasa vya China na India, vililipwa kuteketeza gesi ya HFC-23, taka inayotokana na kutengeneza gesi ya majokofu. Tani moja yake ilihesabiwa kuwa tani 11,700 za hewa ukaa, kwa hiyo kuiteketeza kukawa na faida kubwa mno, hata viwanda vingine vikashukiwa kuzalisha taka zaidi ili vilipwe. Ulaya ilivikataa vyeti hivyo kuanzia Mei 2013.

Hatusemi kijiji kikatae. Vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vimejenga madarasa na zahanati kwa fedha za kaboni. Kwa jirani zetu wa Kwale, Kenya, vijiji vya Gazi na Makongeni vinauza kaboni ya hekta 117 za mikoko tangu 2013, kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka, na sehemu ya fedha imeleta maji na vitabu vya shule. Inawezekana.

Linalotutia wasiwasi ni namna tulivyoanza. Mkataba uliletwa kwa Kiingereza, ukaelezwa kwa robo saa. Ni wa miaka 30; ukiisha, wengi wetu hapa tutakuwa na wajukuu. Bibi mmoja alisimama mkutanoni akauliza, “Kuni zangu nitaokota wapi?” Hakujibiwa. Nasi tunaona lile lilikuwa swali la kitaalamu kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, kwa sababu bibi akihamia msitu wa kijiji cha pili, moshi haujapungua, umehama tu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba mkataba utafsiriwe kwa Kiswahili na ubandikwe kwenye mbao za matangazo za vitongoji vyote kabla ya mkutano mkuu wa kijiji kupiga kura. Mkataba huo useme wazi iwapo tani zetu zitahesabiwa na nchi nyingine, maana mbuzi akishauzwa hahesabiwi tena zizini, na Taifa nalo lina ahadi yake ya kutimiza.

Tunaomba pia futi za kupimia miti, na mtaalamu wa kutufundisha kupima kipenyo pale mita 1.3 kutoka ardhini, ili kampuni ikileta hesabu yake, kijiji kiwe na yake.

Ombi la mwisho linatuumbua wenyewe. Tangu alfajiri umeuona moshi nyuma ya bwalo. Ni jiko la shule. Serikali imeshaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa. Sisi tuko 600, na kuni zetu zinatoka kwenye msitu uleule unaotaka kununuliwa. Tunaomba utusaidie kupata jiko la gesi kabla wapimaji wa kampuni hawajarudi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.