Barua kwa walimu vijana wa Nyanda za Juu mnaotafuta leseni ya shule za kimataifa

Kamwene wanangu wa Iringa na Njombe, na nyie wa Rungwe na Kyela mugonile. Nawaandikia nyie mliomaliza ualimu Mkwawa, TEKU, Kleruu, Tukuyu na kwingineko, mnaosubiri Ajira Portal huku mnaendesha bajaji au mnafundisha tuisheni Mwanjelwa, maana kila wiki naona mnatumiana kwenye magrupu matangazo ya kozi za "leseni ya kimataifa" na wengine mshaanza kumwambia mzee auze viazi mkalipe ada kwa dola.

Tulieni kwanza. Leseni ya ualimu ya dunia nzima haipo. Kila leseni ina mamlaka yake na mahali pake, kibali cha kuvuna miti Sao Hill huwezi kwenda nacho kukata miti Kawetire ukasema si yote ni misitu ya serikali. Kwa hiyo kabla hujauliza leseni ipi nzuri, jua unataka shule ipi, ya nchi gani, na wao wanataka nini.

Hata hapa kwetu fungueni macho, shule kibao za inglishi midiam zimeandika International getini lakini watoto wanafanya NECTA kama wa shule ya kata, tofauti ni basi la njano na sweta. Uliza watoto wanakaa mtihani gani, wakisema Cambridge ya Uingereza au IB (International Baccalaureate), mitaala ya kimataifa, ndo muendelee kuongea. Na mwenye digrii ya ualimu tayari ni mwalimu, kwa Sheria yetu ya Elimu ya 1978 leseni ya kufundisha ilikuwa ya wale ambao hawakusomea ualimu, ndo maana wakati shule za kata zinafumuka tukawa na "walimu wa leseni", mtaani wakaitwa voda fasta, mnawakumbuka.

Sasa hayo matangazo. Kuna kitu kinaitwa iPGCE, cheti cha ualimu cha baada ya digrii, vyuo vya Uingereza vinafundisha kwa mtandao, ni kozi halali na shule nyingi zinaiheshimu, ila peke yake haikupi QTS, na QTS ndo hadhi ya ualimu inayotambulika England. Anayekuuzia iPGCE akikwambia ni leseni, mwambie akuonyeshe kwa maandishi. Februari 2023 serikali ya kule ilipanua mlango wa walimu wa nje kuomba QTS moja kwa moja, wakaongezwa Ghana, Nigeria, Zimbabwe, Afrika Kusini na wengine, nchi 9 zote kwa pamoja, Tanzania haikuwemo, kwa hiyo ukimwona Mnigeria anasimulia alivyoipata usidhani na wewe utapita alipopita. Njia nyingine ni iQTS, hiyo unasomea ukiwa nje ya Uingereza lakini lazima uwe darasani kweli, na wanataka digrii, tena Kiingereza na hesabu za kiwango cha GCSE, mtihani wa sekondari wa kule. Marekani kila jimbo lina leseni yake, kuna programu za onlaini kama ya chuo cha Moreland zinazokuelekeza kwenye leseni ya Washington DC, na humo usisahau kuna mitihani ya Praxis ya kupima walimu, ada yake inalipwa kando. TEFL ya masaa 120 ni cheti cha kufundisha Kiingereza kwa wageni, sio leseni, hata kiwe na muhuri wa dhahabu.

Mimi ningekuwa nyie nisingeanza na ada. Ningeanza na silabasi. Cambridge wanaziweka wazi mtandaoni, kwa IGCSE, mtihani wao wa sekondari, namba ya silabasi ya fizikia ni 0625, kemia 0620, baiolojia 0610, hesabu 0580, shusha hizo na pasti pepa zake pamoja na maelezo ya usahihishaji ukae nazo mpaka ujue kwa nini "state" inapewa maksi moja na "explain" inadai sababu. Hiyo inagharimu bando tu. IB nayo ina warsha zake na mara nyingi shule ikishakuajiri ndo inakulipia, usijilipie mapema. Halafu tafuta miaka miwili ya kufundisha kwa mfululizo sehemu moja, hata kama mshahara unaudhi, maana wataomba barua ya mkuu wako wa shule, na wengine wanampigia kabisa. Nyie mnaotoroka usiku katikati ya muhula na kuzima simu, nani atawaandikia?

Kuna jambo zito zaidi na hamlipendi. Fimbo. Sisi tumekulia kwenye fimbo, kanuni za 1979 zilimpa mkuu wa shule ruhusa na wengi wetu tulijipa wenyewe bila hata kumuuliza, lakini kwenye shule hizo za kimataifa ukimpiga mtoto kazi imeisha siku hiyo hiyo na jina lako linakutangulia shule nyingine. Intavyuu watakuuliza mtoto akikwambia anapigwa nyumbani ila usimwambie mtu, utafanyaje? Vijana wengi wanajibu "nitamtunzia siri" au "nitamwita mzazi tuyamalize". Hapana. Humuahidi siri, unaandika alichosema kwa maneno yake, unapeleka kwa mhusika wa ulinzi wa watoto siku ile ile. Na sio jibu la kukariri, anzeni kuacha fimbo huko huko mlipo, darasa la watoto 80 na kitu, najua ni kazi, ila mwalimu aliyezoea kiboko anajulikana hata akinyamaza.

Makaratasi nayo yanachukua muda, hati ya tabia njema ya polisi, transkripti, cheti cha kuzaliwa cha RITA, na majina yafanane kote, sio kwingine Mwakyusa kwingine Mwakiusa. IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, usikimbilie, matokeo yake yanahesabika miaka miwili tu, fanya ukishapata shule inayoitaka.

Wenye diploma msininunie, karibu njia zote hizo zinaanzia digrii. Chuo Kikuu Huria kina vituo Mbeya na Iringa, unasoma huku unafundisha, na hiyo ada mnayotaka kuipeleka nje kwa sasa ingelipia hapo kwanza.