Mtoto asiyepata nafuu kwa dawa ya pumu achunguzwe kifua

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wa Lamu, na zaidi wahudumu wenzangu wa zahanati, juu ya watoto wanaotibiwa pumu au nimonia tangu uchanga bila nafuu. Baadhi yao, ingawa ni wachache, wamezaliwa na sisti kifuani, yaani kifuko cha majimaji au ute kinachojitenga mapema katika ujauzito wakati njia za hewa zinapochipuka, na ambacho mara nyingi hukaa karibu na pale koo la pumzi linapogawanyika kuelekea mapafu. Mtu mzima huweza kuishi nacho miaka mingi bila dalili, lakini njia ya hewa ya mtoto mchanga ni nyembamba na laini, hivyo hata kifuko kidogo huibana, akakoroma kifua, akachoka kunyonya na midomo ikageuka rangi.

Dawa ya pumu haiondoi kitu kinachoibana njia ya hewa kwa nje. Mtoto ambaye nimonia humrudia pafu lile lile, au ambaye kifua chake hakitulii kwa dawa, apigwe eksirei; na eksirei ikionekana safi isichukuliwe kuwa neno la mwisho, kwa maana sisti iliyojificha katikati ya mapafu huonekana vizuri zaidi kwa skani ya CT.

Tiba ni upasuaji wa kukitoa kifuko kizima. Kukifyonza kwa sindano huleta nafuu ya muda tu, kwani ukuta wake ukibaki majimaji huweza kurudi, na pengine kikatunga usaha. Kazi hiyo yataka bingwa wa upasuaji wa watoto na mtaalamu wa dawa za usingizi aliyezoea vifua vidogo, kwa hiyo mtoto wa Faza avushwe kwa boti hadi Mokowe, kisha apite Witu, Garsen na Malindi mpaka Mombasa, akihitaji oksijeni njia nzima.

Ndiyo maana naiomba idara ya afya ya kaunti ihakikishe kuwa mtoto kama huyo anafuatana na muuguzi na mtungi wa oksijeni, na kwamba hospitali inayompokea imepigiwa simu kabla boti haijang'oa nanga. Wajawazito nao wasikose skani ya mawimbi ya sauti (ultrasaundi) ya wiki ya 18 hadi 22: baadhi ya vifuko huonekana humo, na mama akapangiwa kujifungulia karibu na daktari wa upasuaji.

Muuguzi mstaafu,
Langoni, Lamu