Kabla Hujasema Bangili Yangu Imemchuna Punda Wako

Mimi nashona bangili za punda: mkanda wa ngozi wenye blanketi ndani, unaovishwa mguuni ili kamba ya kumfungia malishoni ishikie hapo. Kila mvua zikikolea hapa Tabora, lalamiko ni lile lile: "Fundi, bangili yako imemtoa punda kidonda." Majuzi mzee mmoja kutoka upande wa Uyui aliitupa juu ya benchi langu mbele za watu, akataka hela yake. Niliigeuza nikaitazama. Blanketi la ndani lilikuwa limeshikana na mchanga na manyoya, na bizimu lilikuwa limeota kutu kwenye tundu la mwisho. Nikamuuliza, "Mzee wangu, uliwahi kuivua?" Akajibu kwamba kuvua na kuvalisha kila siku ni usumbufu, punda analala nayo. Hela sikumrudishia. Nilimbadilishia blanketi bure, nikamwonyesha yafuatayo.

Chini ya goti, mguu wa punda hauna minofu. Ni ngozi, kano na mfupa. Kidonda cha hapo hupona kwa taabu, na mara nyingi nyama huchipua ikapita usawa wa ngozi, ngozi ikashindwa kuziba. Tope na mchanga vikinasa ndani, bangili hata iwe laini vipi itakwangua kama msasa. Kwa hiyo punda akirudi malishoni, vua. Kung'uta, anika, kisha papasa mguu kwa kiganja. Ukiona una joto au umevimba, usiufunge tena mpaka utulie. Funga miguu ya mbele tu kwa zamu, leo wa kushoto, kesho wa kulia. Na usikaze: kidole kipite kati ya bangili na mguu bila kulazimisha.

Wengine huniletea kwenye simu picha za farasi wa Ulaya waliovishwa vikinga virefu malishoni, wanataka niwashonee hivyo hivyo. Farasi wale huvishwa kwa sababu wapo wanaojigonga, ukwato wa mguu mmoja ukapiga mguu wa pili, au wakikimbia ukwato wa nyuma ukakanyaga kisigino cha mbele. Punda wako wa kubeba maji anayechunga taratibu hana shida hiyo. Utamfungia joto kwenye kano na kumbebesha tope bure. Kazi za namna hiyo nimezikataa, ingawa zina hela. Niliyemshonea ni dume mmoja wa mkokoteni wa matofali, aliyekuwa na kovu bichi ndani ya mguu, juu kidogo ya kifundo. Nilimwekea ngozi upande wa ndani tu, na akifunguliwa mkokoteni inatoka.

Sasa bei. Bangili moja ni shilingi 18,000 na najua mnasema ni ghali, kwa kuwa kipande cha tairi hakigharimu hata 2,000. Mbeba maji mmoja alifanya hesabu hiyo. Tairi lile lilikuwa na nyaya ndani, na ukilikata, ncha hubaki ukingoni. Alipokuja kwangu punda alikuwa anachechemea, nzi wamejaa kwenye kifundo. Alikuwa ameshamlipa mtaalamu wa mifugo sindano na dawa, tena anakodi punda wa jirani asipoteze wateja wake. Na bangili akanunua vilevile. Wapo pia wanaokata ngozi mbichi iliyokaushwa juani. Ikilowa inalegea, ikikauka inajikaza huku imo mguuni.

Mimi natumia ngozi ya ng'ombe iliyosindikwa vizuri. Natoboa kila tundu kwa msharasi, nashona kwa mkono na uzi uliopakwa nta, na kingo nazikunjia nje ili mshono usiguse mwili. Bizimu linakaa upande wa nje wa mguu, na pete ya kamba inazunguka yenyewe, kamba isijisokote. Blanketi likichakaa, kulibadilisha ni 3,000. Ngozi yenyewe inaendelea.

Ukitaka kuagiza, pima kwa uzi pale pembamba, chini ya kifundo na juu ya ukwato, punda akiwa amesimama sawa kwa miguu yote minne. Pima miguu yote miwili ya mbele. Uzi uwe wa katani au pamba. Ule wa kuvutika unadanganya. Anayeweza amlete punda mwenyewe asubuhi, nimpime hapa hapa.