Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu wa mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu mtasomewa na mweka hazina, sitamwingilia. Niseme tu kwamba viti vya matanga vimerudi vyote isipokuwa viwili, na aliyenavyo anajijua.

Nitakaa zaidi kwenye jambo lililoigawa kamati mwezi Juni. Vijana walitaka tumlipe msanii mwenye jina atupeleke Ikulu, tupige picha na Rais ya kupinga dawa za kulevya. Nilikataa, na wapo ambao hadi leo salamu zao kwangu ni za shingo upande.

Wazee wenzangu mnamkumbuka Elvis Presley, mwimbaji wa Marekani. Tarehe 21 Desemba 1970, alfajiri, alifika mwenyewe kwenye lango la White House na barua aliyoiandika kwa mkono ndani ya ndege, akitaka kumsaidia Rais Nixon kupambana na dawa hizo. Mchana alikuwa ndani, kavaa suti ya mahameli na mkanda wa dhahabu mpana kama sinia. Roho yake hasa ilikuwa kwenye beji ya maafisa wa dawa za kulevya, na akapewa. Picha ya kupeana mikono ipo hadi leo. Agosti 1977 alifia nyumbani kwake Memphis, miaka 42, na wapimaji wakakuta mwilini dawa za namna nyingi. Nyingi zilikuwa za kuandikiwa na daktari.

Kwa hiyo pesa za msanii tuligeuza nauli. Vijana wetu watatu hunywa methadoni, dawa ya kuwasaidia kuachana na heroini, kliniki ya Mathari kila siku, mbele ya muuguzi. Kutoka Kariobangi, ukikosa matatu umekosa dozi. Mweka hazina akadai risiti. Makanga gani anatoa risiti? Mama wa mmoja wao akafungua daftari la shule: nauli kwa tarehe, ila siku tatu za Septemba ziko wazi. "Hizo tulitembea," akasema.

Upande wa vidonge tumeshindwa. Bugizi, vidonge vya kutuliza ambavyo watu hulevia, bado zinauzwa bila cheti cha daktari kwenye duka la dawa ambalo sitalitaja. Tulikwenda mara mbili. Mwenye duka akatukaribisha soda, nasi, aibu yetu, tukanywa. Rasimu ya barua kwa Bodi ya Famasia na Sumu iko kwenye faili. Inangoja saini ya katibu.